Matairi ya Theluji Mjini Nakuru

Gari lilifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017, nami nikalipokea hapa Nakuru wiki ya pili ya Januari. Subaru Impreza ya 2010, ya buluu, yenye turbo na ule mngurumo ambao mtu wa Nakuru huutambua hata akiwa usingizini. Nilikuwa nimeliwekea akiba miaka minne. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku, naishi Lanet na kazi yangu iko mjini. Safari zangu si za mashindano: kilomita 8 kwenda, 8 kurudi, foleni ya Free Area, matuta, tuktuk, bodaboda wanaochomoka kila upande, na Jumapili mteremko wa Milimani ninapomrudisha mama kutoka kanisani. Lakini nilitaka gari jepesi, linaloitika ukiliita, na mpaka leo nalipenda vivyo hivyo.

Siku ya kulipokea tulilikagua sana. Ndugu yangu mdogo alifungua boneti, shemeji akalala chini na tochi kutazama chasisi, mimi nikafungua na kufunga kila mlango. Tulipofika kwenye matairi, kijana aliyeniletea gari alichuchumaa akachomeka ncha ya ufunguo katikati ya kashata, yale mapande ya mpira yanayokanyaga lami. Ikazama. "Ona, mama. Haya huyagusi mpaka miaka miwili ipite." Kweli kashata zilikuwa na kina, tena zina mistari myembamba mingi, zimependeza kama mkeka uliosukwa vizuri. Nilifurahi kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma maandishi ya ubavuni. Shemeji aliinuka na kutu mikononi, akasema imezidi umri wa gari, labda ni chumvi ya bahari njiani. Chumvi ilikuwa chumvi kweli, ila haikuwa ya bahari.

Februari jua lilikuwa kali. Nikaanza kuhisi kitu ambacho sikuweza kukieleza kwa fundi. Nikikata kona, mikono yangu ilikuwa imeshafika, gari linafuata baadaye kidogo, kana kwamba kati yangu na lami kuna godoro. Mchana, kwenye barabara kuu upande wa Pipeline, hali ilizidi. Usiku nikitoka kazini ikapungua. Fundi wa kwanza akasema ni shokomzoba. Akazipima, nzima. Akasema basi ni bushi za mbele, akazibadilisha, nikalipa, na gari likaendelea kuyumba vilevile. Nikajiambia huenda ndivyo Subaru zenye turbo zilivyo na mimi sijazizoea. Hapo ndipo ninapojilaumu. Mwili wangu ulikuwa umeshaniambia kuna kasoro, nami nikaunyamazisha.

Kisha masika ya 2018 yakaanza. Waliokuwa huku wanayakumbuka. Jina lenyewe la Nakuru husemwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na vumbi hilo la volkano hukaa juu ya lami miezi yote ya kiangazi, likichanganyika na mafuta yanayodondoka kwenye malori na matatu. Mvua ya kwanza haiusafishi mchanganyiko huo. Huulowesha tu ukawa kama sabuni. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua ya kwanza ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua iliyozoeleka.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Mama alikuwa kando yangu na Biblia yake mapajani, tunateremka kutoka Milimani kuelekea mjini. Matone yalikuwa yameanza kama robo saa hivi. Mwendo wangu haukufika 40. Mbele yangu tuktuk iliyobeba kreti za nyanya ikasimama ghafla kumpisha mtu. Nikakanyaga breki. Kanyagio likatetemeka chini ya mguu wangu, trrrr, nikajua mfumo wa kuzuia kuserereka umeshika kazi, lakini gari halikusimama. Liliendelea kuteremka taratibu, bila kelele, na ule utaratibu ndio uliotisha. Niliziona nyanya zikikua machoni pangu. Nikalegeza breki kidogo, nikavuta usukani kushoto, gurudumu la mbele likagonga ukingo wa mawe, gari likatulia. Mama alisema "Yesu" mara moja tu, akanishika mkono. Mwenye tuktuk akaondoka zake, hakujua lolote.

Rimu ilichubuka, na ubavuni mwa tairi la kushoto mbele kukatokea uvimbe wa ukubwa wa yai la kware. Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa pancha pale Free Area, mwenye kompresa chini ya kibanda cha mabati. Huyu ndiye aliyenifungua macho, na sikuwa nimeenda kwake kwa sababu ya ujuzi wake. Ni kwamba yuko njiani.

Alilitoa gurudumu, akalilaza, akachovya kitambaa kwenye karai lake la kutafutia pancha na kufuta ubavu. "Mwanangu, gari hili limetoka wapi?"

"Japani, mzee."

"Japani ni kubwa. Limetoka kwenye barafu."

Akaniwekea kidole juu ya neno STUDLESS, yaani lisilo na misumari, lililoandikwa kwa herufi kubwa, neno lililokuwa mbele ya macho yangu miezi miwili. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikibana kipande kimoja cha kashata kati ya vidole viwili, akakikunja. Ile mistari myembamba niliyoiona mapambo ikafunguka kama kurasa za daftari. Ndani ya kipande kidogo kama kisanduku cha kiberiti kulikuwa na mikato kama ya wembe, sita au saba. Akaniambia nami nijaribu. Mpira ulikuwa laini kuliko nilivyodhani tairi linaweza kuwa, na kwenye kingo ulikuwa umeanza kumeguka chembechembe nyeusi, mithili ya raba ya kufutia penseli. Tulikuwa asubuhi bado, jua halijapanda.

"Hii mikato ni ya kung'ata theluji," akasema. "Hapa itang'ata nini?"

Nilimpigia kaka yangu mkubwa anayeishi Munich, kwa kuwa yeye hubadilisha matairi kila mwaka kama sisi tunavyobadilisha koti la mvua. Kule wana msemo kwamba matairi ya baridi huvaliwa toka Oktoba hadi Pasaka. Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, huruhusiwi kwenda na matairi ya kiangazi. Na yako magereji yanayokuhifadhia seti usiyoitumia, ambayo wenyewe huyaita hoteli za matairi. Kaka akanieleza vizuri, pole pole, maana alijua bado nina hofu.

Kiini ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kadiri baridi inavyozidi, na watu wa kule hushika nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka: chini ya hapo tairi la kiangazi huanza kupoteza mshiko. Kwa hiyo tairi la baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini hata maji yakiganda, na kashata zake hukatwa mikato mingi ili kila ukingo ushike theluji. Ukilichukua tairi hilo ukaliweka kwenye lami ya Nakuru saa saba mchana, ulaini ule unakuwa ugonjwa. Vipande vya kashata hujikunja unapofunga breki au kukata kona, ndipo usukani unapokuwa kama godoro. Huisha haraka. Na kwenye maji, ambako mtu angetegemea kashata nene zimsaidie, gari huchukua mita nyingi zaidi kusimama, kwa sababu mistari ile haikukatwa kwa ajili ya kumwaga mvua kubwa.

"Dada, huko kwenu nyuzi 7 mnaziona lini?" akaniuliza. Nikafikiri. Usiku wa Julai Nakuru huteremka hadi kama nyuzi 10. Labda alfajiri Timboroa, au Mau Summit ukungu ukiwa umetanda. Mjini, sijaziona.

Akaniambia pia kwamba matairi ya baridi yenyewe si ya aina moja, jambo ambalo sikulijua. Yako yale laini kabisa ya nchi kama Finland na Sweden, na ya Hokkaido huko Japani, ambako barabara hulala chini ya barafu miezi mingi. Na yako ya Ulaya ya kati, magumu kidogo, yaliyokusudiwa lami baridi yenye maji. Yeye gari lake nalo ni la kasi, lakini kutwa yuko mjini, kwenye taa na mizunguko, kwa hiyo alichagua haya ya pili, yenye herufi V ya mwendo (ile herufi ya ubavuni inayoonyesha kasi ya juu ambayo tairi linaivumilia), tena membamba kuliko ya kiangazi. Kiangazi anavaa rimu za inchi 18, baridi ikija anashuka hadi 16. Tairi jembamba hupenya tope la theluji badala ya kulipanda, na ubavu mrefu huyavumilia mashimo. Hilo la ubavu mrefu lilinikaa kichwani.

Yangu yalikuwa na herufi Q, yaani mwendo wa juu kabisa wa kilomita 160 kwa saa. Sikuwa na nia ya kufika huko, ila herufi hiyo hukwambia tairi limeumbwa kwa shughuli gani. Tarakimu nne za tarehe zilisoma 4112: wiki ya 41 ya mwaka 2012. Mtu fulani huko Japani aliyanunua mwezi wa kumi akijiandaa kwa msimu, akaendesha kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, chumvi ikala bati la chini, na ndiyo kutu ya shemeji.

Baadaye nilisoma kwa nini yanaitwa STUDLESS. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ikawa inaikwangua lami, miji kama Sendai ikajaa vumbi hadi watu wakaugua, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Hapo ndipo haya yasiyo na misumari yaliposhika soko. Nilipata faraja fulani kujua kwamba yalizaliwa kwa ajili ya vumbi la mjini. Matairi hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa tu mbali sana na kwao.

Sasa ningependa kusema kwamba baada ya kujua yote haya nilifanya lililo sawa. Sikufanya. Pesa haikuwepo, uvimbe ulikuwa unanitazama, na zamu ya usiku ilikuwa inanisubiri. Nikaenda duka moja mjini, nikanunua matairi mawili tu ya mbele, mitumba, kila moja shilingi 4,500. Yaling'aa kama viatu vya askari. Nilipofika nyumbani nikayafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitambaa kikatoka cheusi kwa rangi waliyoipaka, na chini yake nikaona nyufa nyembamba kuzunguka ubavu mzima. Tarehe: 0909. Yalikuwa na miaka tisa, mazee kuliko gari. Niliporudi kuyalalamikia, niliambiwa mtumba haurudishwi.

Wiki tatu hivi baadaye, nikigeuza gari kwenye maegesho ya kazini huku usukani nimeukata wote, likaanza kukwamakwama, linaruka na kusita kana kwamba limefungwa kamba nyuma. Moyo ukanirudi nyuma. Nilijua ni gia na nilijua gia ya Subaru ni bei gani. Fundi wa gia, Mungu ambariki, hakugusa spana. Aliuliza tu: "Dada, matairi yako yanafanana?"

Akachukua kijiti cha kupimia kina. Mbele milimita 4, nyuma milimita 8. Akaandika hesabu kwa chaki kwenye sakafu, nami nairudia hapa kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niamini. Tairi la saizi yangu, 205/50R17 (upana milimita 205, ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu inchi 17), mzunguko wake mmoja ni karibu mita 2 kamili, maana yake huzunguka kama mara 500 kwa kilomita. Tofauti ya milimita 4 za kashata hupunguza mzunguko wa tairi la mbele kwa karibu milimita 25. Zidisha mara 500: mita 12 na nusu kila kilomita. Toka Lanet hadi mjini, mita 100. Kwa gari linalosukuma magurudumu mawili, hizo mita 100 hazimsumbui mtu. Lakini Impreza yangu inasukuma yote manne, na katikati kuna kifaa kinachogawanya nguvu kati ya mbele na nyuma, ambacho kazi yake ni kulipa tofauti ndogo za kwenye kona tu. Mimi nilikuwa nakilazimisha kilipe deni safari nzima, mchana na usiku. Kingeungua, na kukibadilisha kungenigharimu zaidi ya seti mbili za matairi mapya.

Kwa hiyo kwenye gari la namna hii, matairi hununuliwa manne kwa pamoja, aina moja, saizi moja, na huzungushwa mbele na nyuma kila baada ya kilomita kama 8,000 ili yaishe sawasawa. Ukishindwa kununua manne, ni bora uache gari nyumbani na kupanda matatu kwenda kazini mwezi mmoja zaidi. Nimelisema hili kwa wenzangu wengi wa kazini na najua linaudhi, kwa sababu hata mimi liliniudhi.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama, kile kikundi chetu cha kuchangiana, ikafika Aprili. Shilingi 52,000, elfu 13 kwa tairi. Safari hii niliingia dukani na daftari.

Muuzaji wa kwanza alitaka kuniuzia rimu za inchi 18 na matairi ya 225/40. "Gari kama hili, madam, likae chini, lionekane." Saizi hiyo kwa kipenyo inalingana kabisa na yangu, hata nusu milimita haizidi, kwa hiyo si uongo kwamba ingeingia. Lakini ubavu unashuka kutoka milimita 102 hadi 90, na tairi linapanuka. Mpana zaidi maana yake maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni kabla mpira haujaigusa lami, na kama huna kasi wala uzito wa gari la mashindano, upana huo haukusaidii mvuani. Ubavu mfupi nao ni rimu iliyopindika kwenye shimo la kwanza utakaloshindwa kuliona, na Nakuru ikinyesha mashimo yote hufanana na dimbwi. Nikakumbuka kaka anavyoshuka kutoka 18 hadi 16 msimu mgumu ukija. Huku msimu wetu mgumu ni masika. Nikabaki na 17.

Halafu nikasoma ubavu. Kwenye matairi mengi utaona maneno matatu madogo yaliyochongwa. TREADWEAR na tarakimu: ikiwa 200, mpira ni laini, unashika lakini unaisha mapema, ikiwa 500, unadumu lakini kwa kawaida ni mgumu. TRACTION na herufi, kuanzia AA, kisha A, B hadi C: hiki ni kipimo cha kufunga breki kwenye lami iliyolowa, gari likienda moja kwa moja. TEMPERATURE ni uvumilivu wa joto. Kijana wa dukani alikuwa akiniambia "hii inadumu sana, mama, Probox zote zinaweka hii," nami nikaangalia TRACTION nikakuta B. Nikairudisha. Sikuwa natafuta tairi la kudumu. Nilikuwa natafuta tairi la pale Milimani, nyuma ya nyanya zile.

Niliyochukua yalikuwa na TRACTION A, TREADWEAR 340, herufi V, mifereji minne mipana inayozunguka tairi lote ya kupitishia maji, na tarehe ya miezi mitano tu nyuma. Ubavuni yaliandikwa OUTSIDE, yaani upande huo ndio utazame nje. Nilisimama pale mpaka la mwisho likafungwa. Nasema hivi kwa sababu tairi la tatu lilikuwa limeshawekwa kinyume, na kijana aliyekuwa akifunga hakuwa mzembe, alikuwa amechoka.

Tofauti niliihisi kabla sijatoka langoni. Mikono na gari vilifika pamoja.

Mei 9 usiku, bwawa la Solai lilipopasuka, tuliitwa kazini. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha usiku ule na siku zilizofuata, na ya wodini sitayaandika hapa. Ya barabarani naweza. Nilitoka Lanet maji yametanda lami, taa za malori zinanipiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari sikufikiria matairi hata kidogo. Nilifikiria nilikokuwa naenda.

Agosti tulikwenda Kisumu kwa wakwe za dada yangu. Kabla ya Kericho mjini tukakutana na mvua ya mawe, ambayo wenyeji wa mashamba ya chai wanaijua kuliko wanavyopenda. Kwa dakika chache barabara ilikuwa nyeupe. Nikasikia sauti ya dada nyuma: "Si sasa ungekuwa na yale ya theluji?" Nililifikiria swali lake kwa dhati. Mawe yale yalikuwa yanaelea juu ya maji kwenye lami ambayo bado ina joto. Baada ya robo saa yalikuwa yameyeyuka. Kwa robo saa hiyo nilishuka hadi 30, nikaacha nafasi kubwa mbele, nikasimama kando pale palipopanuka. Sioni sababu ya kubeba tairi la barafu mwaka mzima kwa ajili ya robo saa.

Kitu kingine tulijifunza tulipofika Kisumu. Nakuru iko juu ya mita 1,800, Kisumu karibu 1,130, na joto la kule mchana ni lingine kabisa. Kibandiko cha mlangoni kwa gari langu kimeandikwa kwa Kijapani, lakini tarakimu za upepo wa matairi zinasomeka: kilopaskali 230 mbele, 220 nyuma, ambazo kwa geji zetu za PSI ni kama 33 na 32. Nilikuwa nimejaza hivyo asubuhi, matairi yakiwa baridi. Pale kituo cha mafuta Kisumu geji ikasoma 37, na kijana akataka kupunguza upepo. Nikamwomba asiguse. Tairi likipata moto upepo hutanuka, ni kawaida, na waliolitengeneza walilihesabia hilo. Ukipunguza likiwa moto, kesho asubuhi utaamka na tairi laini, na tairi laini ndilo linalojikunja, linalochemka na kupasuka. Tangu hapo nina geji yangu ndani ya gari, na napima alfajiri kabla injini haijawashwa, mara moja kila wiki mbili.

Yale manne ya zamani? Mzee wa Free Area aliniambia yuko mtu wa Probox angenipa shilingi 6,000 kwa yale mawili mazima ya theluji, na kashata zake nzito zingemdanganya kama zilivyonidanganya mimi. Sikuweza. Nikamwomba mzee ayakate. Sasa yako nyuma ya nyumba, yamejaa udongo na mboga za mama, neno STUDLESS limegeuzwa nje kwa sababu mtoto wa jirani hupenda kujifunzia herufi hapo.

Niliyonayo sasa ni seti ya pili tangu yale ya chama, saizi ileile, TRACTION A. Tarehe yake ni 0822. Kuna ule mstari mdogo wa mpira uliojificha ndani ya mfereji, unaoonyesha kwamba zimebaki milimita 1.6, sitausubiri. Kwa mvua za huku, kwangu mimi milimita 3 ndio mwisho, na la mbele kulia limeshakaribia. Jumamosi nikitoka zamu nitapita kwa mzee tuyapime yote manne.